Pengo la Ukuta wa Michungwa

Juzi ofisini, hapa mjini Kakamega, mwenzangu alimenya chungwa, na harufu ya ganda ikanirudisha kwetu Lumakanda, kule Lugari, kabla sijamaliza kusaini barua. Sikulia. Mimi si mtu wa kulia, na leo nitawaambia ninyi sababu.

Shamba letu liliwahi kuwa la mzungu aliyetoka kisiwa fulani cha bahari ya Mediterania. Kwao, tuliambiwa, wenye mali huizungushia michungwa kuta ndefu za mawe ili upepo wa bahari usiunguze maua. Naye akajenga vivyo hivyo Lugari. Bahari haikuwepo, ila mbuzi wa jirani walikoma. Lango lilikuwa jembamba, la kupita mtu mmoja na karai lake.

Baba alipanda mahindi hadi chini ya ukuta, na kila msimu alitamani na ndani.

"Mama Nekesa, machungwa haisagwangi unga," alisema.

"Lima huko kote," Mama alijibu, akipogoa matawi. "Hapa niachie."

Nilipokuwa na miaka tisa, Mama alikufa kwa homa ya siku nne. Asubuhi ya mazishi niliamshwa na mlio wa nyundo. Baba alikuwa akibomoa ukuta peke yake, vumbi limemjaa kichwani. Pengo lilikuwa pana, trekta ingepita. Nikajiambia: hata hajazikwa, huyu ameshapata shamba lake. Moyo ukafa ganzi papo hapo. Nilikataa kwenda kaburini, nikabaki jikoni nikipukuchua mahindi, gunzi baada ya gunzi. Hata shangazi aliponinyoa nywele za msiba sikuhisi wembe.

Mvua zilipokaribia, trekta ililima hadi pengoni, ikageuka. Mwaka uliofuata ikageuka tena. Niliona, lakini sikuuliza. Kwa miaka mingi niliongea na Baba habari za karo na chumvi tu.

Mwezi uliopita naye alifariki, akiwa ameagiza alazwe kando ya Mama, kule ndani kwenye michungwa. Vijana sita walibeba jeneza, watatu kila upande, mimi nikifuata nyuma. Langoni wakakwama. Jeneza lingepita, wao wasingepita.

"Si hapo," amu yangu akawaambia. "Pitia kwa ile pengo. Baba Nekesa alifungua hiyo ndio jeneza ya bibi yake ipite. Alikataa aingizwe kwa upande kama gunia."

Wakapita wote sita, hakuna bega lililogusa jiwe. Kumbe asubuhi ile nilipokuwa nikimlaani, Baba alikuwa akimtengenezea Mama njia. Nilitafuta chozi, sikulipata. Udongo uliposawazishwa nilichuma chungwa moja, nikamwekea juu ya kaburi, yeye aliyesema hayasagwi unga.