Kivuli Hurudishwa Saa Saba

Kwa miaka ishirini na miwili Kandida Mushi alifanya kazi ambayo haikuandikwa popote. Katika juma la mwisho kabla miche ya nyanya haijang'olewa kwenda mashambani, aliikunja mikeka ya matete iliyofunika vitalu saa sita kamili mchana, akaiacha miche ipigwe na jua, na saa saba akairudisha mikeka. Kesho yake vivyo hivyo. Mwenyewe alisema anaionjesha miche jua. Miche iliyopita mikononi mwake haikunyauka, hata Oldonyo Sambu ambako upepo hukausha kila kitu.

Mapema mwaka 1995 kituo chetu cha miche, karibu na Tengeru, kilitangaziwa kwamba mwisho wa Februari baadhi yetu tungepunguzwa. Soko lilikuwa limefunguliwa. Watu binafsi nao sasa walikuwa wanauza miche. Kamati ingepita kuangalia nani anafanya nini.

Kandida alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mwanawe Melkizedeki alikuwa ameachishwa kazi kiwandani mwaka uliotangulia, na mkewe, Agnela, alikuwa amejifungua mwanzoni mwa Desemba. Kwa desturi ya Wachaga, mzazi hukaa ndani miezi mitatu akihudumiwa na mama mkwe. Kwa hiyo Kandida aliamka kabla ya jogoo nyumbani kwake Kwa Mrombo, akampikia mzazi mtori wa ndizi, akaja kazini, na jioni alirudi kufua nguo za mtoto. Kazi yake ndiyo pekee iliyokuwa imebaki katika nyumba ile.

"Mama Melki, utaanguka," nilimwambia siku moja tukimwagilia vitalu.

"Nikianguka, mwanangu, niangukie hapa kitaluni, wanione niko kazini."

Baada ya tangazo lile alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliikunja mikeka saa tatu asubuhi, miche ikiwa bado michanga, na hakuirudisha mpaka jua lilipozama. Alifanya hivyo siku kumi na tano mfululizo. Kati ya vitalu alitembea, akamwagilia, akapalilia palipokwisha kupaliliwa. Msimamizi wetu, Bwana Aminiel, alipita akamsifu. "Mama Melki, mwaka huu una moto!"

Alhamisi ya pili ya Februari alikuja Lemburis, mfugaji na mkulima wa Oldonyo Sambu, kuichukua miche ya kikundi chao. Alimwamkia Kandida shikamoo, akachuchumaa, akang'oa mche mmoja. Shina lilikuwa gumu, la rangi ya zambarau, na urefu wake haukuzidi kidole.

"Mama, hii ni miche au vijiti vya kuchokonolea meno?"

"Imekomaa, Lemburis. Jua lako haliiwezi."

"Jua haliiwezi, nakubali. Lakini na yenyewe itaweza kukua? Ndama ukimzoesha njaa kila siku, mama, mwisho anazoea kulala chini."

Aliondoka na gari tupu. Alisema atarudi baada ya siku kumi na mbili, na akiikuta vilevile atanunua kwingine. Aminiel alisimama akiitazama barabara. "Nitaiambia nini kamati?" akauliza, lakini hakumwuliza mtu.

Kandida aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa na karatasi za somo moja nililosoma chuoni, nikazitoa mfukoni na kumsomea polepole, nikieleza palipohitaji kuelezwa. Ndani ya kila seli ya mche, nilimwambia, protini ni kama nyuzi ndefu; haziwezi kufanya kazi mpaka zikunjwe zikapata umbo lake. Joto kali huzikunjua. Ndiyo maana seli ina protini nyingine, wasaidizi, ambao huzishika zile zilizolegea mpaka zijikunje tena. Wakati wa utulivu baadhi ya wasaidizi hao hukalia protini moja iliyo kama swichi, wakaizuia isiwake. Joto likija, wanaiacha na kukimbilia zilizokunjuka. Swichi ikibaki huru inaamuru wasaidizi zaidi watengenezwe. Kazi ikipungua, wasio na shughuli hurudi kuikalia, nayo huzimika.

"Kumbe wanaoizima ni wasaidizi wenyewe?"

"Ndiyo, mama. Wakikosa kazi."

"Na jua lisipoondoka?"

"Swichi haipati kupumzika. Seli inatumia chakula chake kutengeneza wasaidizi, majani hayakui."

Aliisugua mikono yake iliyopasuka. "Ile saa moja yangu ilikuwa inawatosha," akasema. "Mimi nimewanyima nafasi ya kukosa kazi." Kisha akasimama na kuifunika miche yote, kitalu kwa kitalu.

Dawa ilikuwa ngumu kwa mtu wa hali yake: maji asubuhi na jioni, na zaidi ya hapo kutoigusa. Siku tatu za mwisho ndipo angeifunua, saa sita hadi saa saba.

Kamati ilikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Nilipowaona langoni nilimkimbilia.

"Mama, shika hata jembe!"

"Nikipalilia nitakata mizizi. Nikifunua nitaiharibu tena. Niache."

Wageni watatu walimkuta juu ya ndoo, mikono mapajani, kando ya vitalu vilivyofunikwa. Aminiel, nyuma yao, alimpa ishara ya kuinuka. Hakuinuka.

"Huyu mama anafanya nini?" aliuliza mwenye faili.

"Nasubiri miche ipumzike, baba."

"Kazi hiyo hata mimi naiomba!" Wenzake wakacheka. Akaandika jambo, wakaendelea. Zile karatasi zilikuwa mfukoni mwangu. Sikuzitoa.

Lemburis alirudi kama alivyoahidi. Miche ilikuwa imefikia urefu wa shubiri, na majani mapya ya kijani. Alilibinya shina kwa vidole viwili, akatabasamu. "Sasa hii ina mifupa na nyama." Akaibeba yote.

Kesho yake orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa mlangoni mwa ghala. Jina la Kandida lilikuwa la nne. Aminiel alimfuata, kofia mkononi.

"Mama Melki, si mimi."

"Najua, Aminiel. Nenda ukale, mchana umefika."

Siku yake ya mwisho aliniita kwenye kitalu kipya, akanipa ncha ya mkeka, nami nikaukunja mwenyewe. "Kufunua watu hawasahau," alisema. "Saa saba ndiyo husahaulika."

Jumatatu iliyofuata nilimpelekea Kwa Mrombo buti alizozisahau ghalani. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Agnela alinifungulia, miezi yake mitatu ya kukaa ndani ilikuwa imekwisha, mtoto akiwa mgongoni na mwiko mkononi.

"Mama amelala," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu jana jioni. Sijawahi kumwona hivi. Nimwamshe?"

Nilimwambia amwache. Niliziweka buti kando ya mlango, nikarudi Tengeru kuiwahi mikeka.