Mgongo wa Mzee Duku

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na sijawahi kuisimulia mpaka mwisho. Ulipopiga simu kutoka Koboko ukaniuliza utajuaje kama hao watunzaji wanaokwenda kumhudumia mama yako mzazi kule Aroi ni wazuri, nilikuambia nitakujibu baadaye. Nilikuwa namkumbuka Mzee Duku.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza shule hapa Arua na kupata kazi Koboko, katika ofisi ndogo iliyotuma watunzaji kwenye nyumba za wazee na wagonjwa. Wao waliogesha, walilisha, waligeuza watu kitandani. Kazi yangu ilikuwa kuwakagua. Nilipewa fomu ya maswali, nami nikajinunulia kalamu mbili, moja ya akiba, nisije nikaishiwa wino katikati ya hukumu. Ndio ujana. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mzee Duku alikuwa dereva wa lori, njia ya mpakani ya Oraba na Kaya aliijua kama ua wa nyumba yake. Kiharusi kikamlaza. Alibaki na mkono wa kushoto na maneno machache ambayo mkewe peke yake ndiye aliyeyaelewa. Mkewe huyo, Mama Poni, macho yalikuwa yameanza kufifia na mgongo hauna nguvu, asingeweza kumwinua mtu wa kimo kile. Kwa hiyo ofisi ikawapa watunzaji wawili wa zamu, Kiden na Maturu.

Kiden alifika kwa saa. Gauni lake limepigwa pasi, daftari lake limeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza: ameogeshwa, amekula, amegeuzwa. Maturu yeye alifika amechelewa, viatu vina matope, na daftari lake lilikuwa na mistari miwili mitatu kisha weupe. Nilipomuuliza sababu ya kuchelewa alisema kwa Kiswahili cha huku kwetu, "Mgonjwa wa kwanza nakula polepole, sista. Nilingoja amalize." Nikaandika kwamba hajali muda.

Mara nne nilikwenda katika nyumba ile. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nikasoma daftari, nikatazama sakafu na sufuria. Kisha nikamuuliza Mama Poni, Kiden akiwa amesimama pale pale, "Mama, huduma iko namna gani?" Naye akajibu kwa adabu, "Iko muzuri." Nikaweka alama yangu. Mwanangu, nani angesema vingine mbele ya mtu atakayemnawisha mumewe kesho?

Ripoti yangu ilimsifu Kiden na kumwondoa Maturu. Nyumba za Maturu nikampa Kiden. Mkubwa wangu ofisini alinipongeza, na wiki nzima nilitembea Koboko kama mtu aliyechaguliwa.

Haukupita muda mrefu, Mama Poni akatuma mwendesha boda kuniita. Mzee alikuwa amekataa chakula siku ya tatu. Nilifika saa tano asubuhi, Kiden ameshaondoka. Nikafanya nililozoea, nikachukua daftari. Liliandikwa kwamba mzee amegeuzwa saa nne, na saa sita, na saa nane. Nikatazama saa yangu tena. Hata saa sita ya mchana ilikuwa bado haijafika, sembuse saa nane.

Ndipo nikasikia harufu. Nikainua shuka, nikainua na shati. Pale kiunoni, mahali mfupa unapokutana na godoro, palikuwa na kidonda ambacho ngumi yangu ingeweza kukiziba. Mzee hakulia kwa sauti. Machozi yalitoka pembeni ya jicho, yakateremka sikioni, na ule mkono wa kushoto ulishika ukingo wa kitanda.

Mama Poni alikuja akipapasa ukuta, akasimama nyuma yangu. Hakupandisha sauti.

"Binti, wewe nakuja hapa mara nne. Nasoma kitabu, naangalia sufuria, naangalia chini kama nimefagia. Mutu mwenye nagonjwa iko hapa kwa kitanda. Siku gani wewe nashika mkono yake? Siku gani naangalia mgongo yake?"

Nyumba njema si mlango, wazee walisema, fungua uingie ndani. Mimi nilikuwa nimekagua mlango.

Tulimpeleka hospitali, akalazwa. Kiden nilimwita ofisini nikiwa na hasira, nikamwekea daftari mbele. Alilitazama, akaanza kulia. "Dada, ni kweli niliandika uongo," alisema. "Lakini hesabu nyumba ulizonipa. Ni saba. Nikimgeuza mzee kila baada ya saa mbili, wale sita nani atawafikia?" Nikahesabu. Zilikuwa saba, na mpango wa zamu ulikuwa umeandikwa kwa kalamu yangu. Uongo wake ulikuwa wake, lakini mzigo nilimtwisha mimi. Siku ile hasira yangu ilikosa mahali pa kukaa.

Kesho yake nilimfuata Maturu. Nilimkuta shambani kwake, nje ya mji, anapalilia muhogo. Nikapiga magoti kwenye udongo nikamwomba msamaha, nikaanza kueleza, ripoti, fomu, ofisi. Alinikatiza kwa swali moja: "Mzee iko namna gani?" Nilipomwambia, aliweka jembe chini, akanawa mikono, akatangulia njia.

Mzee aliporudi nyumbani, nilimrudisha Maturu kazini, naye akanifundisha kutunza. Alimwambia kwanza, "Baba, sasa tunageuka kwa upande ya ukuta," kisha akangoja mpaka mzee atikise kichwa, ndipo akaingiza mikono. Uji alimlisha kwa kijiko kidogo, akatazama koo limeze, akangoja tena. Bakuli moja lilichukua karibu saa nzima. Nilikaa pale nikaelewa alikuwa anachelewa wapi. Tukampunguzia Kiden nyumba, naye alipopata nafasi ya kupumua akawa mtunzaji mwema kabisa; na Maturu nikamfundisha kuandika saa za dawa, maana dawa iliyochelewa nayo ni kosa, na hilo alilikubali. Yeye alinicheka kwa jinsi nilivyokunja shuka.

Kidonda kilipona taratibu, mvua zikaja zikaisha. Asubuhi moja Mama Poni aliniita kitandani, akaupeleka mkono wangu chini ya shati la mumewe. "Mimi sioni vizuri," alisema. "Wewe angalia." Ngozi ilikuwa imefunga, laini na kavu. Mzee Duku akapigapiga godoro kwa mkono wake wa kushoto, na mkewe akanifasiria: anasema kaa. Nikakaa. Aliishi miaka miwili zaidi, akaondoka akiwa safi mwilini na ameshikwa mkono.

Basi, mwanangu, jibu la swali lako ni hili. Nenda Aroi bila kutoa taarifa, usiende kuvizia, nenda kukaa. Kaa mpaka chakula kiishe. Mtazame mama yako mtunzaji anapoingia: je, mwili wake unalegea au unakaza? Kisha mtunzaji akienda, msogelee, mshike mkono, na usimuulize kama huduma ni nzuri, atakujibu kwa adabu kama Mama Poni. Muulize maji ya kuoga leo yalikuwa ya moto au baridi. Muulize kama waliongea naye au waliongea juu yake. Tazama visigino, kiuno, midomo. Daftari lisome mwisho kabisa, na usilidharau, ila usilitangulize. Na huyo mtunzaji muulize ana nyumba ngapi kwa siku, mpe kiti, mpe maji, mwambie ahsante kwa jina lake. Ukiona kosa, tafuta kwanza kama wewe mwenyewe humo hukuchangia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini unaweza kupiga magoti ukamuuliza anayelala.

Mungu akupe macho ya upole na miguu isiyochoka njia ya Koboko kwenda Aroi. Mama yako alale bila maumivu, aamke akisikia sauti anayoipenda. Nawe, siku utakapohitaji kuinuliwa na mikono ya wengine, ikukute mikono yenye subira.