Siku Niliyochagua Boti kwa Pua Yake

Wajukuu wangu wanaijua hadithi hii nusu, na hiyo nusu wameisikia kwa jirani yangu Min Atieno, yaani mama yake Atieno, ambaye anaisimulia vibaya, kwa hivyo leo naiandika mwenyewe (mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, mnivumilie) ili kama ni kuchekwa nichekwe kwa yale niliyofanya kweli na si kwa chumvi aliyotia yeye. Aibu ni yangu. Nimeibeba tangu miaka ya tisini, tumezeeka pamoja, tofauti ni kwamba yenyewe bado ina meno yote.

Mjue kwanza mimi ni nani. Nilizaliwa Muhuru, huko Migori, karibu na mpaka, baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi, nikaolewa huku kisiwani Rusinga, na ufuo mzima ulijua kwamba hakuna mwanamke anayejua boti kama mimi wala hakuna mwanamke anayemheshimu mkwe kama mimi. Nilikuwa naringa kwa hayo mawili, na siku moja yakakutana.

Kwetu Wajaluo, mama na mume wa binti yake hawazoeani. Hampeani mikono, hamli meza moja, hamkai mkagusana, na mkwe asikuone hujavaa sawasawa. Mila inaishia hapo. Lakini mimi niliongeza yangu juu: mume wa binti yangu Achieng, anaitwa Odhiambo, sikuwa naongea naye moja kwa moja hata tukiwa chumba kimoja. Nilikuwa nasema, "Achieng, mwambie mumeo mvua inakuja," naye anasema, "Mwambie mama nimeiona," na Achieng yuko katikati anageuza shingo huku na huku kama kuku. Watu walinisifu. Na mimi nikisifiwa huwa sishibi.

Waliolegea niliwasema. Min Atieno alimsalimia mkwe wake kwa mkono sokoni Mbita, bahati mbaya tu, kijana alinyoosha na yeye akaupokea kabla hajafikiri, na mimi nikalipeleka jambo hilo kwa akina mama wa kanisa, nikalisimamia mwenyewe kwa sauti, mpaka akawa anakaa viti vya nyuma kabisa, karibu na mlango, anapigwa na upepo. Nilimwambia mbele ya watu, "Leo umempa mkono, kesho utamkalia mapajani." Nikaona nimeshinda.

Sasa huyu Odhiambo alikuwa amefanya kazi hotelini Naivasha, na huko aliona Wazungu wanavutwa na boti, mtu amesimama juu ya ubao, miguu imefungwa, ameshika kamba, boti inakimbia na yeye anarukaruka juu ya yale mawimbi ambayo boti inaacha nyuma, halafu akimaliza analipa. (Nilimwambia Achieng amuulize kama hiyo ni adhabu. Alirudi na jibu kwamba ni mchezo.) Odhiambo akaacha kazi ili auanzishe mchezo huo hapa kwetu, kwa wageni wanaokuja kisiwa cha Takawiri, na kulikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga kambi yake, ana boti mbili, moja anauza na nyingine anaenda nayo. Uwezo wa Odhiambo ulikuwa wa boti moja tu. Akikosea, hana kazi, hana boti, na binti yangu anarudi kwangu na watoto. Na kwa sababu boti ingelala kwenye ufuo wa shamba langu, na pia kwa sababu ni kijana mwenye adabu, alisema, "Mwambie mama yeye ndiye anajua boti, achague."

Yawa, jamani, mimi nikavaa ile nguo yangu ya Pasaka, yenye vifungo kutoka shingoni mpaka chini, nikateremka ufuoni.

Boti zote mbili zilikuwa nyeupe, injini sawa, nyuma sawa, hata kile chuma cha kufungia kamba kilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa pua. Ya kwanza pua yake ilikuwa imefungwa, imefunikwa juu kama kifuniko cha jeneza, nyembamba na kali, huwezi kukaa hapo hata ukiwa paka. Watu wote wanakaa nyuma na dereva. Ya pili pua yake ilikuwa pana na wazi kama karai, na ndani ya hiyo pua kumewekwa viti vya kuzunguka, laini, vyekundu, kama sebule ya askofu, halafu kuna kioo kinachotenga mbele na dereva, na katikati ya kioo kuna kimlango cha kupitia.

Mzungu akaeleza na Achieng akafasiri. Ile iliyofungwa, alisema, hata pua ikizama kidogo maji yanateleza juu yanaondoka. Ile ya wazi inapakia watu wengi na ni nzuri kwa matembezi, ila mkijaza watu mbele na dereva akipunguza mwendo ghafla, pua inainama na kunywa maji.

Nilisikia. Masikio yangu yalikuwa mazima wakati ule. Lakini nilikuwa nafikiria mambo yangu. Katika ile ya kwanza, siku nikipanda, nitakaa goti kwa goti na mkwe wangu kutoka Rusinga mpaka Takawiri. Katika ile ya pili nitakaa mbele, uso kwa ziwa, mgongo kwa mkwe, kioo katikati. Nilisema moyoni, aliyeunda hii boti lazima mama yake alikuwa Mjaluo.

"Mwambie mumeo ni hii ya wazi."

Odhiambo akakuna kichwa. "Mwambie mama, Mzungu anasema tuijaribu kwanza na mzigo."

Mzigo. Nikasema huo nitauleta mimi, nikaenda kuwaita akina mama wa kanisa, wote waliokuwa karibu, ili waone heshima inavyokaa ndani ya boti, na Min Atieno nilimpitia nyumbani kwake hasa, nikamtoa jikoni na mwiko mkononi. (Sisi akina mama wa Rusinga si wepesi. Tunakula samaki na ugali, na tunashukuru.) Wakaingia puani mmoja mmoja, boti inashuka, wakajaza vile viti vyekundu mpaka mimi mwenyewe nikakosa nafasi, nikawekewa mto pale kwenye kimlango cha kioo, nikakaa nimekiziba kama kifuniko cha chupa, mgongo kwa Odhiambo. Min Atieno alibanana nami upande wa kushoto, akakalia upindo wa nguo yangu. Niliona, lakini sikutaka kumwomba kitu.

Kule nyuma alikuwa Odhiambo kwenye usukani, upande wa kulia, na Achieng kando yake. Mzungu mwenyewe, mzee mwenye tumbo, akaingia majini na ubao wake.

Kabla hatujaondoka nikasikia Odhiambo nyuma yangu. "Mwambie mama mbele ni pazito. Wengine warudi huku."

Warudi huku, yaani nani? Nikamjibu nikiwa naangalia ziwa. "Mwambie mumeo aendeshe."

Hapo ndipo ningeweza kuokoka.

Tukaenda. Boti ikalia, Mzungu akatoka majini kama kiboko aliyeamka vibaya, akasimama juu ya ubao, na sisi akina mama tukaanza wimbo, upepo unatuingia mdomoni, na ufuoni wanawake waliokuwa wanaanika omena, dagaa wa ziwa letu, wakasimama wote kutuangalia. Nikawapungia mkono. Polepole, vile nimeona wakubwa wakifanya.

Mzungu akaanguka. Odhiambo, kwa kumhurumia mzee, akapunguza mwendo mara moja.

Pua ikainama kama ng'ombe mtoni. Yale mawimbi yetu wenyewe yakatufikia kutoka nyuma, yakatuinua matako, na ziwa likaingia mbele, si kwa kumwagika, liliingia kama mtu aliyealikwa. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Maji yalitafuta njia ya kupita kwenda nyuma, na njia ilikuwa moja tu, kile kimlango, na kwenye kimlango nilikuwa nimekaa mimi.

Nikang'oka. Nilienda kinyumenyume na mto wangu, lakini nguo haikuja, kwa sababu Min Atieno alikuwa bado ameikalia, na nilisikia vifungo vikitoka kimoja kimoja kutoka chini mpaka shingoni. Akina mama wakakimbilia upande wa kulia, boti ikalala upande huo, na mimi, nimebaki na kamisi tu, bila kitambaa kichwani, nikatelezea mahali laini nikakaa.

Niliangalia chini nikaona magoti ya suruali. Nilikuwa mapajani mwa mkwe wangu.

Mnajua nilifanya nini? Nilifanya nilivyozoea.

"Achieng," nikasema, "mwambie mumeo afunge macho."

Na sauti ikatoka nyuma ya sikio langu, hapa, ningeweza kuhesabu pumzi zake: "Mwambie mama nimefunga."

Hakukuwa hata na nafasi ya Achieng kupitisha neno kati yetu. Nikajaribu kuinuka, kiwiko changu kikasukuma kile chuma cha mwendo, kikaenda mpaka mwisho, na boti, iliyojaa maji nusu, ikajikokota, ikashika nguvu, ikaelekea ufuoni, dereva wake amefunga macho kwa adabu.

"Odhi, fungua macho," Achieng akalia.

"Mwambie asifungue," nikasema.

"Mama, tunagonga."

"Tugonge."

Tukagonga. Tulipanda mchangani, tukapita juu ya nyavu za omena, tukasimama katikati ya wanawake wale wale niliowapungia mkono, na omena imetapakaa kila mahali, kwenye nywele, kwenye viti vya askofu, ndani ya kamisi. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniua. Walikuwa wananiangalia tu nilipokaa, kisha wanaangaliana.

Min Atieno akashuka kutoka puani bila haraka, nguo yangu ya Pasaka iko begani kwake kama taulo. Akanifunika nayo. Akaniinamia.

"Mimi wangu nilimpa mkono tu," akasema.

Kisha akaenda nyumbani kumalizia ugali wake. Jumapili iliyofuata nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, bila kuambiwa na mtu, na ni kweli, kuna upepo.

Siku ile ya boti, Mzungu alifika ufuoni akiogelea, amekumbatia ubao, akauliza neno, Achieng akafasiri akiwa ameuma mdomo: "Anauliza kama bado ni hii."

Nilinyoosha kidole kwa ile yenye kifuniko. Hiyo ndiyo Odhiambo aliyonunua, na ikamlisha, ikasomesha watoto, na haikunywa maji hata siku moja, kwa hivyo mkitaka kusema nilimsaidia kuchagua, semeni.

Wazee wa nyumba yetu walikaa, wakaamua aibu itolewe: mimi nimpe mkwe jogoo, yeye aninunulie nguo mpya badala ya ile iliyong'oka vifungo. Odhiambo aliapa mbele yao kwamba hakuona kitu, alifunga macho kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wakamwamini. Nami nikamwamini, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza.

Nguo ikaja kutoka Homa Bay, ya buluu, imeshonwa na fundi. Nikaijaribu nikitumaini itanibana, au itanimeza. Ilinikaa kama ngozi. Makwapani, kiunoni, kila mahali.

"Achieng," nikauliza, "wewe ndiye ulimpa vipimo vyangu?"

"Hapana mama," akasema. "Alienda kwa fundi peke yake."

Tangu siku hiyo simsemi mwanamke yeyote kwa habari ya mkwe wake, na nikitaka kwenda Takawiri naenda na mtumbwi wa wavuvi, nakaa nyuma kabisa kati ya magunia, mbali na pua, nimeshika nguo yangu kwa mikono miwili. Ile ya buluu. Bado inanikaa vizuri, na kila nikiivaa mkwe wangu anaangalia pembeni.