Wanangu wanasema wosia ni ghali

Leo wanangu wamenirithi nikiwa hai, tena kikombe cha chai kikiwa mkononi.

Niliwaambia kwamba wakili wa mjini ataniandikia wosia kwa bei ya ndama mmoja.

"Baba, ndama mzima kwa karatasi?" akashangaa Petro, mkubwa wao. "Sisi tunapendana."

Nikafarijika sana.

Mapenzi hayo yalidumu mpaka Yakobo, mdogo wake, alipouliza mizinga yangu ya nyuki kule Ipole itakuwa ya nani. Chai haijapoa, wakawa wameigawa mara mbili na kununiana. Dada yao Maria, ambaye ndiye anayerina asali kila msimu, hakupata hata mmoja.

"Maria ni mtu wa kuolewa, Baba," akaeleza Petro.

Maria ana wajukuu.

Kesho ndama anakwenda mnadani, nami kwa wakili. Jina la Maria litatangulia.

Ninyi wenye watoto wanaopendana, mmeokoa ndama wangapi?