Mzee Gaudiosus na Mrija Usiovutwa

Mzee Gaudiosus wa Kihanga hakuwa mtu wa kula peke yake. Ndizi na maharage vikimwagwa kwenye majani ya mgomba, lazima aitwe mtu wa kula naye. Basi ikaja saratani ya koo. Mionzi ikaifukuza, ashukuriwe Mungu, lakini ikamwachia koo gumu. Akimeza tonge, anapaliwa. Maji ndiyo usiseme! Kwa aibu akahamia chumbani na kikombe chake cha uji, mlango kaufunga. Na daktari alishamwonya: chakula kikizidi kuingia mapafuni, atawekewa mpira wa kulishia tumboni. Mzee aliuogopa mpira ule kuliko saratani yenyewe.

Hospitalini walimpa kifaa kidogo cha plastiki, chenye springi ndani, cha kuimarisha misuli ya pumzi ili akohoe kwa nguvu na ameze salama. Mtaalamu alitaka kumwonyesha. "Mrija huu?" mzee akamkatiza. "Binti, nimeujua hujazaliwa." Kuuliza si ujinga, lakini nani amwambie Gaudiosus?

Wiki zikapita, hakuna nafuu. Siku moja mkewe, Adventina, akaingia chumbani bila hodi. Akamkuta mzee kafumba macho, kifaa mdomoni, anavuta taratibu, tena kwa raha zake!

"Baba Vero! Unavuta?"

"Sasa mrija unafanywaje? Pombe ya rubisi kibuyuni huwa napuliza?"

Adventina alicheka mpaka akakaa chini. "Ee mume wangu! Yule binti aliniambia pembeni upulize, nikadhani unajua! Kama moto wa kuni mbichi!"

Mzee alitahayari, akanuna hadi jioni. Kisha akapuliza. Akapuliza kila siku, mlango wazi, Adventina akimsimamia kama mwalimu wa zamu. Polepole kikohozi kikapata nguvu. Kliniki wakampima wakasema mpira hauhitajiki, ajaribu ndizi laini, tonge dogo dogo.

Jumapili akaketi mkekani na watu wake. Tonge la kwanza likapita. La pili likampalia. Wote wakaganda, Adventina mkono kifuani. Mzee akajikaza, akakohoa kikohozi kimoja kizito, kuku wakatawanyika uani. Akapangusa mdomo, akawatazama.

"Mbona mmenyamaza? Mama Vero, nisogezee maharage."

Adventina akayasogeza huku analia, wala hakujificha.