Kiganja cha Baba

Juzi pale Mkula nilimwona kijana mkata miti, chenso yake, ule msumeno wa injini, miguuni, akihangaika kufunga vifungo vya shati. Vidole havikumtii. Nikamkumbuka baba.

Mchana mmoja, nikiwa bado mdogo, alirudi kutoka shamba la miti la Uchindile akinuka petroli na utomvu, mikono ikimtetemeka. Msimamizi alikuwa amemsifu tena: hakuna aliyeangusha miti mingi kama yeye.

"Mashine bado inanguruma humu," akaniambia. Nikakiweka kiganja chake sikioni nisikilize. Kilikuwa cha baridi, na jua lote lile.

"Baba, nikung'ate?"

Akafumba macho, kama tulivyozoea kucheza. Nikamng'ata kidole kwa nguvu zangu zote.

Baba akangoja.

"Haya mwanangu, ng'ata basi."

Nilicheka sana, nikidhani ananitania.