Walinibeba Mpaka Ukweni

Aibu yangu naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: siku ya kujionyesha ukweni nilifika nimelazwa chali kwenye ingobyi, kile kitanda cha miti na kamba tunachobebea wagonjwa na maiti, natazama mawingu, wanaume wanne chini yangu wanaimba, na mama mkwe ameshika kichwa anapiga yowe, "Yoo wee, mkwe amekufa hajala hata ugali wangu!" Nikainua mkono kuonyesha kwamba ni mzima. Yowe likazidi.

Sikuwa mgonjwa. Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa mtoto, basi, natembea na fimbo, nalima mihogo na maharage yangu, na nyumba nilijenga mwenyewe pale Busunzu tulipohamishiwa kijijini miaka ile ya sabini (kuezeka pia nilipanda mwenyewe, nani mwingine angenipandia). Ila mzee Bihemo, baba yake Skola mchumba wangu, alikaa juu kabisa ya mlima, na alinitumia neno: "Simkatai kwa sababu ya mguu. Aupande mlima huu mwenyewe, nimwone. Akibebwa, binti yangu hatoki." Sikuchukia. Mlima ule nilikuwa naujua.

Kilichoniharibia ni gari la sinema. Lilikuja jioni ya kuamkia siku yangu, shuka jeupe likatundikwa ukutani mwa shule, kijiji kizima tukakaa chini. Kwenye sinema kulikuwa na kiwete anatambaa vumbini, analia, wanakijiji wenzake wanakuja, wanaitupa fimbo yake, wanambeba huku wanaimba, na mwisho (sijui walimpa dawa gani) anaamka, anakimbia, anaoa. Watu walilia. Aliyelia kuliko wote ni Gwasa, balozi wetu wa nyumba kumi, na kila akijifuta machozi ananigeukia mimi.

Asubuhi nikavaa suruali yangu ya kaki na shati jeupe la kuazima, nikaenda. Chini ya mlima kile kipande cha tairi nilichopigilia kwenye ncha ya fimbo kikalegea, nikasema ngoja nikae kwenye jiwe hili kidogo nikifunge. Kukaa kule ndiko kulikonimaliza. Gwasa akatokea na Lameki, Sadoki na Petro fundi, ingobyi begani.

"Leo huteseki tena, ndugu yangu," Gwasa akasema, macho yamelowa tayari.

"Mwakeye, balozi," nikamsalimu kikwetu. "Siteseki. Nafunga tairi."

"Usione haya. Sinema tumeiona."

"Hata mimi nimeiona! Niacheni, mzee ametaka nipande mwenyewe!"

"Mnamsikia?" Lameki akasema. "Anaona haya huyu. Mbebeni."

Sadoki akainyakua fimbo akaitupa maguguni, vilevile kama kwenye sinema, nami nikaenda juu. Nikipiga kelele, wanaongeza wimbo. Nilimpiga Petro ngumi ya kisogo, akasema, "Homa imempanda kichwani." Wanawake waliokuwa wanapalilia wakaacha majembe wakatufuata, maana kwetu ukiiona ingobyi inapita hubaki shambani, na wengine walishaanza kulia bila kujua wanamlilia nani.

Wakanitua uani. Mama mkwe, alipojua napumua, akaleta uji akaanza kunilisha kwa kijiko. Mzee Bihemo alisimama mlangoni.

"Nilisema akibebwa itakuwaje?"

"Mzee wangu, alikuwa anateseka," Gwasa akajibu. Mimi mdomo umejaa uji.

Hapo Skola akatoka jikoni. Hakulia. Aliniangalia, akaangalia kulia kwangu na kushoto, akauliza, "Fimbo yake iko wapi?"

Sadoki akajisogeza nyuma ya Petro.

"Nauliza, fimbo yake mmeipeleka wapi? Na yeye mwenyewe mlimuuliza?"

Watu wazima wanne wakatazama miguu yao. Skola akachukua jembe, akaligonga kwenye jiwe mpaka mpini ukatoka, akanipa. Niliteremka mlima wote ule mpaka kwenye jiwe langu, nikageuka, nikapanda, na lile kundi la waliaji limejipanga njiani linanitazama, uji umenikaukia kwenye shati la watu. Nilipofika juu nimelowa jasho kama niliyenyeshewa, mzee akanisogezea kiti chake mwenyewe. "Kaa, mwanangu." Wee! Nilishusha pumzi hata mbuzi wake wakageuka. Skola ni mke wangu mpaka leo, mpini tunao, na jiwe la njiani sijalikalia tena.

Lakini sijasamehe. Gwasa yuko hai, anapita hapa kwenda gulioni, ananisalimu kama vile hakukutokea kitu. Nataka asimame palepale gulioni, na wenzake watatu pembeni, awaambie watu ilikuwaje nikasema niacheni, yeye akasikia nibebeni. Na aliyeitengeneza ile sinema, popote alipo, nina swali lake. Nimeikumbuka yote, mwanzo mpaka mwisho. Yule kiwete alilia, alibebwa, alikimbia, alioa, ila neno hata moja hakupewa aseme. Walipoitupa fimbo yake, alisema nini? Anijibu.